Habari za afya: nilivyozipanga kwa maswali ya watu wa Goma

Nina sekretaria ndogo hapa Goma, mashariki ya Kongo, pande za Birere: kompyuta, printa, mashine ya fotokopi. Mkate wangu ni barua za kuomba kazi, fomu na kadi za ndoa. Ebola ilipoingia mjini Julai 2019, watu wakaanza kuniletea simu zao. "Papa, unitolee hii, nibandike kwa mlango." Ujumbe wenyewe hauna mwandishi, hauna tarehe, na unaamuru vitunguu saumu na chumvi. Kukataa kuutoa hakusaidii kitu, maana mteja anavuka barabara tu, jirani anamtolea. Ilibidi niwe na kitu kingine cha kumpa mkononi, na cha kumtumia kwenye simu.

Kutafuta habari nzuri hakukunichosha kama kuzipanga. Tovuti kubwa hupanga kwa majina ya magonjwa. MedlinePlus, ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, naiheshimu sana na haina matangazo, lakini lugha zake ni Kiingereza na Kihispania, tena inataka uje ukijua unachotafuta. Mama ambaye mtoto wake anachemka saa nane za usiku hajui kama ni malaria au masikio. Anajua mtoto anachemka. Basi faili zangu zinaitwa hivyo: Mtoto anachemka. Tumbo linaendesha. Vipele na homa. Maji ya ziwa. Kila moja ni ukurasa mmoja, mwepesi, usiomaliza megabaiti za mtu, pamoja na sauti fupi kwa wasiopenda kusoma.

Mistari ya juu kabisa haielezi ugonjwa. Inasema lini uache kusoma na uende. Kwa mtoto nilichukua dalili za hatari ambazo Shirika la Afya Duniani huwafundisha wauguzi: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea au haamki. Moja tu inatosha. Chini yake nimeandika vituo vya afya vinavyopokea wagonjwa usiku, kartie kwa kartie (mtaa kwa mtaa), kwa sababu kumwambia mtu wa Ndosho "nenda hospitali" saa zile bila kumwambia ipi ni kumtania.

Faili ya maji ndiyo iliyonipa kazi zaidi. Ushauri wa kawaida ni kuyachemsha mpaka yatokote sawasawa kwa dakika 1, ila juu ya mita 2,000 ni dakika 3. Goma iko karibu mita 1,500, kwa hiyo dakika 1 inatosha, na hapa kwetu dakika mbili za ziada ni makaa yanayonunuliwa. Ukitumia klori, subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Kwa tumbo linaloendesha, pakiti ya chumvichumvi ya famasi ndiyo bora. Ikikosekana: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Ile nusu niliiandika kwa herufi kubwa, maana chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Na kinyesi kikiwa kama maji ya mchele, mchanganyiko huo ni wa kunywa njiani kuelekea kituo cha afya. Kolera inaweza kuua kwa saa chache.

Januari 2025, vita ilipoingia mjini, umeme, maji ya bomba na intaneti vilikatika na watu wakashuka ziwani na bidoni (madumu) kuchota maji. Hapo simu hazikuwa na faida. Nakala za karatasi zilizokuwa zimebandikwa kwenye milango ndizo zilizosomwa.

Kuhusu kuaminika, niliazima kanuni za Health On the Net, taasisi ya Geneva iliyokuwa ikikagua tovuti za afya hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2022. Zilikuwa 8. Mimi nashika hasa nne: nani ameandika, habari imetoka wapi, tarehe gani, na nani amelipa. Kila faili inasomwa kwanza na muuguzi ninayemwamini, kisha nasomea mteja yeyote aliyeketi akingoja fotokopi, akiniuliza "maana yake nini?", sentensi hiyo inarudi mezani. Mwenye famasi mmoja alitaka kulipia karatasi zote mradi niandike jina la dawa yake. Nilimshukuru, nikaendelea kununua karatasi mwenyewe.

Tarehe ndiyo inayodharauliwa zaidi. Faili ya vipele niliyoitoa mpox (homa ya nyani) ilipotangazwa dharura ya dunia, tarehe 14 Agosti 2024, haikusema lolote kuhusu chanjo kupatikana hapa. Oktoba hiyo hiyo chanjo ikaanza kutolewa, hapa hapa Goma. Septemba 2025 dharura ikaondolewa, ingawa ugonjwa wenyewe haukuisha. Kila mara nilibadilisha faili na kuandika juu: "Futa ya zamani." Wengine hawafuti, najua.

Siku hizi wanaoingia hawaulizi sana magonjwa ya mlipuko. Wanauliza presha na sukari, wazee hasa, na kama mtu anaweza kuacha vidonge akijisikia vizuri. Jibu la presha ni hapana, usiache bila daktari, na hilo nawaambia kwa mdomo. Faili yenyewe bado iko kwa muuguzi.