Upande Gani wa Mstari

Jumapili, Mei 26, 2024

Mwezi huu pwani yetu imepitiwa na vimbunga viwili, Hidaya mwanzoni na Ialy juzi juzi tu. Kelele zimetulia, na leo duka nimefunga mapema, kwa hiyo acha niandike. Nitaandika zaidi juu yetu kuliko juu ya vimbunga.

Sisi ni wale ambao TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) ikitoa tu taarifa ya kwanza kwamba kuna mgandamizo mdogo wa hewa huko baharini, hatulali tena. Hatuna shahada ya hali ya hewa. Mimi nauza vifaa vya umeme Mbagala, mwenzangu mmoja ni mwalimu Mtwara, mwingine ni dereva wa bodaboda Tanga ambaye anaisoma picha ya setilaiti kutushinda wote. Tunafungua Windy, tunafungua Zoom Earth, zile tovuti za ramani za hali ya hewa, tunasoma taarifa za Météo-France ya Réunion, ambao ndio wenye jukumu la kufuatilia vimbunga vya upande wetu wa bahari. Wengine wanachungulia na ya Wamarekani walioko Hawaii. Halafu tunabishana. (Nusu ya ubishi wa "Mmarekani anasema kina nguvu zaidi" ungekwisha kama watu wangejua kwamba Mmarekani hupima wastani wa upepo wa dakika 1 na Réunion wastani wa dakika 10. Namba haziwezi kulingana. Nimeshachoka kueleza.)

Lakini ubishi mkubwa, ule wa kukesha, ni wa swali moja: kinaelekea wapi?

Swali si la kipuuzi. Aprili 2019 Mtwara ilijiandaa kumpokea Kenneth, shule zikafungwa, na kimbunga kikapita kusini ya mpaka, kikaingia Cabo Delgado Aprili 25 na kuwavunjia wenzetu wa Msumbiji. Mwaka 2021 tukatishwa na Jobo, akaja Dar akiwa hoi. Ndiyo maana mapema mwezi huu watu wengi hapa mtaani walikuwa wakicheka: "Hata huyo Jobo tuliambiwa hivyo hivyo." Mtu aliyekoswa mara mbili huanza kuamini kwamba ana kinga.

Na ukitaka kujua upande una uzito gani, rudi Aprili 1872. Kimbunga kilipita Unguja, kikalaza mikarafuu kwa maelfu na kuzamisha meli za Sultani Barghash bandarini. Pemba, ng'ambo ya mkondo tu, iliponea. Mikarafuu ya Unguja ikachukua miaka kuotesha upya, na tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba. Njia ile ingesogea kaskazini kidogo tu, leo tungekuwa tunasimulia historia nyingine ya karafuu.

Kwa hiyo tunauangalia mstari, ule unaochorwa kwenye ramani kukisia njia ya kimbunga. Kinachousogeza ni mambo makubwa kuliko kimbunga chenyewe. Kusini-mashariki yetu, upande wa visiwa vya Mascarene (Réunion na Morisi), hukaa mgandamizo mkubwa wa hewa, na upepo unaouzunguka kwa upande wake wa kaskazini husukuma vitu kuelekea magharibi, yaani kwetu. Mgandamizo ule ukiwa imara, kimbunga kinakuja pwani. Ukikatika katikati, kinapata mlango wa kugeuka kusini, kinaingia Mkondo wa Msumbiji au kinazunguka Bukini (Madagaska). Modeli za kompyuta, ECMWF ya Ulaya na GFS ya Marekani, zinajaribu kukisia uimara huo, na kila saa sita zinaanza hesabu upya. Ukikaa macho utaona mstari unaruka: sasa Kilwa, sasa Mafia, sasa Kilwa tena. Kimbunga chenyewe hakikuruka popote. Kilichobadilika ni hesabu.

Usiku ni mbaya zaidi. Setilaiti inapima joto la vilele vya mawingu, basi jicho linakimbilia lile doa jekundu lenye wingu refu kuliko yote, na mtu anapiga kelele, "Kimegeuka!" Mara nyingi ni radi kubwa imechipuka pembeni, na kitovu chenyewe kiko chini, kimefunikwa, kinaendelea na safari yake ile ile. Yule wa Tanga ana kanuni yake: baada ya magharibi hatangazi mgeuko wowote mpaka kuche aone mawingu ya chini yanazunguka wapi. Namuunga mkono, ingawa ni vigumu kumsikiliza mtu mtulivu saa nane usiku.

Ijumaa Mei 3, boti za Dar na Unguja zikiwa zimesitishwa, nilimpigia mjomba wangu Kilindoni, kisiwani Mafia. Amekuwa nahodha wa jahazi miaka mingi, siku hizi miguu haimtaki.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Wazima huko?"

"Wazima. Mjomba, mstari wa sasa hivi unapita hapo hapo kisiwani."

"Mstari wa nani?"

"Wa Réunion."

"Haya. Hapa ni kusi. Kusi tangu alasiri, linazidi tu, wala haligeuki."

Nilikaa na lile neno *haligeuki* kuliko nilivyokaa na ramani yoyote wiki ile. Kwa sababu vimbunga vya nusu yetu ya dunia huzunguka kufuata mshale wa saa. Kikiwa mashariki kwako, upepo unaokupata unatoka kusini. Mholanzi mmoja, Buys Ballot, aliliweka jambo hili kama kanuni mwaka 1857: upe upepo mgongo, na huku kusini ya Ikweta mgandamizo mdogo uko mkono wako wa kulia. Sasa ngoja kitovu kisogee. Kusi likianza kuhamia matlai, likawa linatoka mashariki, kitovu kinapita kaskazini yako. Likihamia upande wa bara, kusini-magharibi kisha magharibi, kinapita kusini yako. Likibaki pale pale huku linaongezeka, kinakujia wewe.

Mjomba hakuniambia habari za Mholanzi. Aliniambia kwamba mashua zimepandishwa juu, na kwamba nimtumie "ile picha ya mduara", ila si kila dakika maana bando lake ni dogo.

Nasema hili kwa tahadhari, maana najua kuna watakaoanza kusema wazee walijua kila kitu na setilaiti ni mapambo. Hapana. Aprili 1952 kimbunga kiliingia Lindi na kuua watu, na Lindi haikukosa manahodha. Upepo mlangoni kwako unakupa saa chache, na pengine ni saa za usiku. Ile picha ya mduara ndiyo iliyotupa siku za kupandisha mashua. Ninachosema ni kwamba mstari na upepo vinajibu maswali mawili tofauti, na sisi wa kwenye simu tunajifunza kujibu moja tu.

Jumamosi Mei 4 Hidaya kiliingia Mafia. Kilikwisha kudhoofika njiani, na usiku TMA ikatangaza kwamba kimepoteza nguvu. Mjomba alipoteza paa la banda la jiko na migomba. Hapa Mbagala upepo ulihama polepole kutoka kusi kwenda kusini-magharibi, kama kanuni inavyotaka kwa mtu aliye kaskazini ya kitovu. Ulikuwa upepo wa kutoka bara, na mvua ya kawaida ya masika. Mtaani vicheko vikarudi.

Wakati huo huo barabara ya Dar kwenda Lindi ilikuwa imekatika maeneo ya Somanga, Kilwa. Maji yalizoa tuta na makalavati, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikabaki bila njia ya moja kwa moja ya gari kuja huku. Mwalimu wetu wa Mtwara aliandika sentensi moja tu: "Mstari wenu ulipita Mafia, sisi ndio tumekatiwa barabara." Sikuwa na la kumjibu siku hiyo. Jibu ninalo sasa. Tazama ramani: Somanga iko kusini ya Mafia. Upande ule wa kusini ya kitovu upepo unatoka baharini moja kwa moja, umebeba unyevu, unaumwaga ukikuta nchi kavu. Sisi wa kaskazini tulipata upepo unaotoka bara. Na ardhi ya kule ilikuwa imeshiba tangu Aprili. Rufiji ilikuwa bado chini ya maji. Mvua ile haikuwa na pa kuingia.

Ndiyo maana nauchukia sasa ule mchezo wa kutuma picha ya mstari kwa ndugu na jamaa yenye maneno "Kilwa mko salama, kinaenda Mafia." Mimi mwenyewe sitoi tahadhari kwa mtu, hiyo ni kazi ya TMA, na kwa haki wametoa taarifa safari hii kwa uwazi na mara kwa mara, wakitaja mikoa na si nukta. Lakini ndugu akikuuliza, mwambie yuko upande gani wa mstari. Hilo tu lingesaidia.

Na mwambie mwezi uko wapi. Hili hatukulizungumza hata kidogo na linanishangaza, maana kila mvuvi analijua. Mwezi mpevu ulikuwa Aprili 24, mwandamo ukawa Mei 8. Hidaya kilifika katikati, siku za maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo tu. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwandamo, bahari ya hapa Dar hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kimbunga kile kile, kingefika na bamvua la maji kujaa, kingepata bahari iliyokwisha kupanda yenyewe. Hatukukipanga hivyo, na hakuna modeli tuliyoishangilia kwa hilo.

Ialy nitamtaja kwa kifupi. Alipanda kaskazini-magharibi, akapuliza pwani ya Kenya akiwa karibu na Ikweta kuliko tulivyozoea. Kwa kawaida chini ya nyuzi 5 za latitudo mzunguko wa dunia hautoshi kukifunga kimbunga. Safari hiyo yule wa Tanga ndiye aliyekuwa na kazi, na alitutumia jambo jipya: hakuna picha hata moja, upepo tu, asubuhi na jioni, na namba ya mgandamizo kutoka kwenye simu yake.

Kuna simu zina barometa (kipima mgandamizo wa hewa) ndani na wenyewe hawajui. Pwani yetu hewa nayo ina kupwa na kujaa kwake: mgandamizo unapanda kilele mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, unashuka mnamo saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, tofauti ya hektopaskali (kipimo cha mgandamizo) tatu hivi. Ukijua hivyo hutashtuka kila jioni namba inaposhuka. Shtuka saa nne asubuhi inapokataa kupanda.

Basi nina ombi. Kama ulikuwa Somanga, Kilwa Masoko, Nyamisati au popote Mafia usiku wa Mei 3 kuamkia 4, niandikie upepo ulikuwa unatoka wapi na uligeuka saa ngapi, hata kwa kukadiria. "Kabla ya swala ya alfajiri" inatosha. Nataka kuchora njia ya kitovu kwa upepo peke yake, kisha niiweke juu ya ile ya Réunion nione zinapishana wapi. Ya mjomba ninayo tayari, ila anadai alilala.