Deni la mteja hudaiwa mapema

Wafanyabiashara wengi huanza kudai deni likishafikisha miezi miwili. Kufikia hapo mteja ameshazoea kukaa na fedha zako, na huenda aliyepokea mzigo ameshahama kazi. Wiki ya kwanza baada ya tarehe ya malipo kupita ndiyo yenye nguvu, usiipoteze kwa kuona haya.

Kwanza kagua ankara yenyewe. Ankara nyingi hukwama kwa mhasibu wa mteja kwa kasoro ndogo: namba ya oda haipo, jina la kampuni limekosewa, au kiasi hakilingani na hati ya kupokelea mzigo. Mhasibu haikatai wala hakupigii simu. Anaiweka pembeni tu. Andika pia tarehe kamili ya mwisho wa kulipa. Ukiandika "siku 30" peke yake, kila mmoja atahesabu kuanzia siku anayoitaka yeye. Siku tano kabla ya tarehe hiyo tuma ujumbe mfupi: ankara imeshaidhinishwa? Kuna karatasi inayokosekana?

Tarehe ikipita, piga simu siku ya pili au ya tatu, na umtafute anayeidhinisha malipo, si aliyeagiza bidhaa. Taja namba ya ankara, kiasi na tarehe, kisha uliza kama ina tatizo lolote. Halafu nyamaza usikilize. Anayekujibu "wiki ijayo" hajaahidi kitu. Usikate simu kabla hujapata kiasi, siku na njia ya kulipa, na siku hiyohiyo umwandikie mliyokubaliana. Ahadi ikivunjika, mpigie kesho yake. Ukikaa kimya wiki nzima, umemfundisha kwamba tarehe zako hazina uzito.

Akilalamikia sehemu ya mzigo, mwombe alipe sasa ile sehemu isiyo na ubishi. Malalamiko ya katoni mbili yasizuie malipo ya katoni hamsini.

Kama kweli hana fedha, kubali awamu, ila za kila wiki, ya kwanza ilipwe siku ya kutia saini. Hati hiyo itaje deni lote na mteja akiri kuwa anadaiwa; mahakamani itakuokoa na mabishano ya nani alipokea nini. Kila malipo yapunguze ankara ya zamani zaidi kwanza, na umpe risiti inayoonyesha salio.

Kusimamisha mzigo mpya ndiyo hatua inayofanya kazi kuliko zote, na ndiyo inayoogopwa zaidi, hasa na watu wa mauzo. Si lazima umfukuze mteja: muuzie kwa fedha taslimu, na kila anaponunua alipe kidogo cha deni la nyuma.

Punguzo la kuwahi kulipa lipigie hesabu kwanza. Asilimia 2 kwa anayelipa siku ya 10 badala ya 30 ni kupata fedha siku 20 mapema, na kwako ni sawa na kukopa kwa riba ya takriban asilimia 37 kwa mwaka.

Yakishindikana hayo, toa barua ya madai inayompa siku 7 au 14 za kulipa, nakala za ankara na hati za mzigo zikiambatanishwa. Usitishie usichokusudia kufanya, na usimwanike mdaiwa mitandaoni, kwani unaweza kujikuta wewe ndiye mshtakiwa. Kabla ya kwenda kwa wakili au wakala wa kukusanya madeni, linganisha gharama zao na deni lenyewe.