Siku moja maishani mwangu: Ijumaa ya mwalimu na mwandishi wa tamthiliya, Bagamoyo

Saa 10:30 alfajiri. Mwaka huu Jumatano ya Majivu na mwanzo wa Ramadhani vimeangukia juma moja, kwa hiyo ninapoamka kuandika, jirani zangu wanakuwa wameshaamka kula daku. Nawasikia wakiitana uani, nami nasali, nawasha taa ya mezani na kufungua daftari. Kwa mwalimu mwenye vipindi mchana na shughuli za parokia jioni, muda huu kabla ya Misa ndio wa kuandika, na mwingine haupo.

Tamthiliya ninayowaandikia vijana wa hapa inawahusu watu waliobeba maiti ya David Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, hadi pwani yetu. Livingstone alifariki Mei 1873. Wenzake wa safari, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa nguo na maganda ya mti, kisha wakatembea nao zaidi ya kilomita 1,500. Karibu na Tabora walikutana na Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, naye akawashauri wauzike palepale; walikataa. Walipoona kwamba wenyeji wa mbele hawangekubali maiti ipite katika ardhi yao, walifunga mabua yakafanana na maiti, wakajifanya wanayarudisha Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, kwa mazishi, na mwili wenyewe wakaufungasha upya ukaonekana kama robota la nguo. Februari 1874 walifika Bagamoyo, na mwili ukawekwa katika kanisa la misheni ambayo Mapadre wa Roho Mtakatifu waliianzisha mwaka 1868. Mnara wa kanisa lile upo hadi leo na unaitwa Mnara wa Livingstone. Napita chini yake karibu kila siku, na kila ninapopita naona kwamba jina hilo linawaacha nje wale waliomfikisha.

Miongoni mwao alikuwapo mwanamke aliyeitwa Halima, mpishi wa msafara. Mwaka 1872 Livingstone aliandika katika shajara yake kwamba Halima alikuwa mwaminifu katika kazi, na kwamba watakapofika Unguja atamkomboa na kumnunulia nyumba na bustani. Hawakufika pamoja. Halima alianza safari ya pwani nyuma ya maiti ya mtu aliyemwahidi nyumba.

Onyesho la tatu ni lake, na ndilo linaloniamsha. Hotuba nilizomwandikia nimezifuta, kwa sababu kila moja ilimgeuza mhubiri. Nina msimamo juu ya jambo hili: tamthiliya ya kanisani haina ruhusa ya kuwa mbovu kwa kisingizio kwamba nia yake ni njema. Mhusika anayesimama mbele ya watu kutangaza ujumbe wa mwandishi hamwinjilishi mtu yeyote. Mtazamaji humvumilia tu hadi amalize. Imani huonekana katika jambo gumu ambalo mtu amelitenda, na Halima alilitenda. Ninachotafuta ni maneno yanayolingana na tendo lenyewe.

Saa 12:15 Misa ya asubuhi, ambayo siku za kazi ni fupi. Natoka na mume wangu; yeye anaelekea kazini kwake, mimi naelekea shuleni.

Saa 1:30. Baada ya usafi wa mazingira, paredi na wimbo wa Taifa, naingia Kidato cha Tatu kwa vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80. Tunasoma Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, tamthiliya ambayo vizazi vya wanafunzi wa Tanzania vimeisoma kwa ajili ya mtihani wa Kidato cha Nne. Wengi wanaijua kwa njia ya madesa: dhamira, wahusika, ujumbe, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, vyote vikiwa vimepangwa tayari kukaririwa. Siwalaumu, kwa maana mtihani unauliza hivyo. Lakini tamthiliya iliandikwa isemwe kwa sauti na ionekane kwa macho, na mwanafunzi ambaye hajawahi kusimama na kuitamka hajaisoma bado.

Kwa hiyo leo tunasukuma madawati ukutani. Kijana mmoja anakuwa Ngoswe, afisa aliyetumwa kijijini kuhesabu watu, na msichana wa mstari wa mbele anakuwa Mazoea, binti anayemfanya aisahau kazi yake. Tunapofika mahali ambapo karatasi za sensa zinateketea, nawaomba wanyamaze na kila mmoja ataje kitu ambacho kijiji kimepoteza. Mmoja anasema zahanati. Mwingine anasema darasa. Kijana wa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, anasema kwamba watu wa kijiji kile wameteketea pamoja na karatasi, kwa sababu mbele ya serikali hawapo. Namwomba arudie ili wote wasikie, kisha naliandika jibu lake ubaoni kama alivyolisema. Kabla ya kusaini shajara la somo nawaambia kwamba uzembe wa Ngoswe ni dhambi kwa maana ya kawaida kabisa, kwa kuwa alikabidhiwa watu, naye akajali nafsi yake peke yake.

Saa 4:40, mapumziko. Wasiofunga wanakwenda kunywa uji. Waliofunga wanabaki kivulini, nami ambaye hufunga Ijumaa za Kwaresima nakaa ofisini nikisahihisha madaftari ya Kidato cha Pili.

Saa 6:20 ni kipindi cha dini. Wanafunzi Waislamu wanajiandaa kwenda msikitini kwa sala ya Ijumaa, na Wakatoliki wanakutana nami katika darasa la mwisho. Tunasoma Kitabu cha Tobiti, sura ya pili. Tobiti ameketi kwenye karamu ya sikukuu, anasikia kwamba mmoja wa watu wake ameuawa na kutupwa sokoni, anaacha chakula kabla hajakionja, anamficha marehemu hadi jua linapozama, kisha anamzika, huku majirani wakimcheka. Kuzika wafu ni mojawapo ya matendo saba ya huruma ya kimwili, na ni tendo ambalo anayetendewa hawezi kushukuru wala kulipa. Nawauliza wanafunzi ni nani katika mtaa wao hufanya kazi hiyo. Wanawataja wachimba kaburi, wanaoosha maiti, akina mama wanaokesha jikoni msibani, na mzee mmoja Mwislamu ambaye hakosi kwenye mazishi ya mtu yeyote, wa dini yoyote. Naamini kwamba katekesi inayoanza kwa watu ambao mtoto anawajua hudumu kuliko ile inayoanza kwa ufafanuzi.

Mchana wote uliobaki ni vipindi viwili vya sarufi na kikao kifupi cha idara.

Saa 10:00 jioni. Njia ya Msalaba, vituo 14, kama ilivyo kila Ijumaa ya Kwaresima. Leo jumuiya yetu ndogo ndogo inaongoza, nami nasoma kituo cha 13, mwili wa Yesu unaposhushwa msalabani na kupokewa na Mama yake. Baada ya baraka namwendea bibi mmoja wa jumuiya yetu ambaye miaka mingi iliyopita alisafiri na maiti ya mumewe kutoka Tabora hadi hapa. Nilikuwa nimeazimia tangu alfajiri kumuuliza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Bado unaandika wale wabebaji?"

Namweleza kuhusu Halima, nyumba na bustani. Anatafakari huku akikunja kanga yake, halafu ananiambia kwamba katika safari ile yeye hakuacha kuzungumza na mumewe. Alimweleza walipofika, alimweleza mvua ilivyokuwa, na walipokaribia nyumbani alimkumbusha ng'ombe ambaye jirani alikuwa hajamlipa, kwa sababu mwenye kulijua deni lile vizuri alikuwa marehemu. "Huyo mama hakumhutubia," anasema. "Alimdai. Nani mwingine wa kumdai?"

Saa 11:00 mazoezi yanaanza chini ya mwembe, katika eneo la misheni. Kundi letu lina vijana Wakristo na Waislamu, jambo linalostahili kwa hadithi hii, kwa maana hata msafara ule ulikuwa na watu wa dini zote mbili. Susi anaigizwa na dereva wa bodaboda ambaye amefunga, Jacob Wainwright, Mkristo mmoja wa msafara ule, anaigizwa na mwanakwaya, na Halima na msichana wa shule yetu ambaye mama yake alikuja kuzungumza nami kabla ya kumruhusu. Tulikubaliana na wazazi kanuni moja: jukwaani hakuna atakayetamka sala isiyo ya dini yake. Sala ya maziko, ambayo Wainwright aliisoma kule Chitambo, inasomwa na Mkristo. Dua za wabebaji Waislamu zinaombwa na Waislamu, kwa maneno yao wanayoyajua tangu madrasa. Kanuni hiyo imeiboresha tamthiliya, kwa sababu hakuna anayeigiza uchaji.

Mzigo tunaoubeba ni gunia la mchanga lililofungwa kwenye mti. Kijana aliyesomea sanaa TaSUBa, chuo cha sanaa kilichopo hapahapa mjini, alishauri tutumie boksi tupu ili wasichoke. Nilikataa, na nitaendelea kukataa: bega likidanganya, ulimi nao utadanganya. Hata hivyo, kwa ajili ya mfungo, mwezi huu wanaubeba mara moja tu kwa zoezi, na wasiofunga ndio wanaokaa mbele.

Namweleza msichana yale niliyoambiwa na bibi, na namwomba ajaribu bila karatasi. Anaweka mkono juu ya mzigo, anatembea nao hatua kadhaa, kisha anasema kwa sauti ya mtu anayepanga kazi za kesho: "Bwana, tumevuka mto. Ile nyumba ulisema ina bustani. Hukusema kuna kisima au hakuna." Wabebaji wanaendelea kutembea. Anauliza mlango utaelekea wapi. Anauliza kama barua ya kumkomboa ilishaandikwa, na hapo dereva wetu wa bodaboda, ambaye hana neno katika sehemu hiyo, anainamisha kichwa mwenyewe. Nakaa chini na kuandika kila kitu.

Saa 12:15 tunafunga mazoezi ili kila mmoja awahi. Mama wa Halima wetu ametualika wote kufuturu: uji wa pilipili manga, tende, magimbi na mihogo ya nazi. Hakuna nyama, kwa hiyo nasi Wakatoliki tunakula bila swali. Adhana inaposikika tunawasubiri wenzetu waonje tende kwanza.

Saa 3:00 usiku. Nimemaliza madaftari yaliyobaki na andalio la somo la Jumatatu, na nimeandika upya onyesho la tatu kwa maneno ya yule binti, nikirekebisha machache sana. Maonyesho tumeyapanga baada ya Pasaka, wakati mifungo yote miwili itakuwa imekwisha na vijana wana nguvu ya kubeba mchanga jioni nzima. Lililobaki ni onyesho la mwisho, hapa Bagamoyo, ambapo wabebaji wanalipwa ujira wao na kuachishwa kazi, na maiti inaondoka kwa meli. Nitalianza kesho baada ya sala za jumuiya.