Kigango Hakihamishwi

Hii ni wiki ya tatu tangu nirudi Kaloleni, baada ya miaka 12 Marekani. Matatu ya kutoka Mazeras ilinishusha wakati wa magharibi, mvua imetoka kunyesha, minazi inachuruzika maji. Kesho yake nilimwomba babu anipeleke pale vilipokuwa vigango vyetu, zile nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee wetu Wagiriama.

Kuna jambo lililokuwa likinila moyo tangu mwaka wangu wa tano ugenini. Niliingia makumbusho ya huko, na kwenye chumba cha Afrika nikakutana na kigango nyuma ya kioo. Kichwa cha duara, kiwiliwili chembamba kama ubao, pembetatu zimechongwa kutoka kifuani hadi chini. Taa imemmulika usoni. Kibao kilisema ni nguzo ya ukumbusho ya Wagiriama wa Kenya, basi. Nilisimama hapo hadi mlinzi akaja kuniuliza kama ninaumwa.

Nimeandika "imemmulika" na sikukosea ngeli. Kwetu kigango ni mtu. Ni mzee wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, aliyefariki, na koma yake, yaani roho yake, imepewa mahali pa kukaa. Kikishasimikwa hakihamishwi. Hata familia ikihama shamba, chenyewe hubaki hapo hadi kioze kirudi udongoni.

Njiani babu hakusema mengi. Tulipofika chini ya mkwaju alinyoosha bakora: mashimo manne, yamejaa majani makavu. Viling'olewa usiku mmoja, kabla sijazaliwa, enzi watalii walipokuwa wakivinunua kama vinyago. Anasema msimu uliofuata mvua ilikatika na ng'ombe wakaisha. Alimimina tembo la mnazi kidogo kwenye kila shimo, akiwaita waliolala mmoja mmoja kwa majina. Nilikuwa siyajui majina yale. Sasa nayajua.

Vingine vimerudi. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa huku kwetu kando ya vigango viwili vya ndugu zake, na muda mfupi baadaye vikaibwa. Mwaka 1999 alikitambua kimoja katika picha za mkusanyiko wa chuo kikuu kimoja Marekani. Vyote viwili vilirejeshwa Kenya mwaka 2007. Makumbusho ya Denver nayo ilirudisha 30 mwaka 2019. Nashukuru kwa dhati. Lakini kuvirejesha nchini si kuvirejesha nyumbani. Kazi ya makumbusho ni kuzuia kitu kisioze, na kigango haki yake ni kuoza mahali pake. Kwa hiyo ghala, liwe la Marekani au la Nairobi, bado linamnyima mzee safari yake. Najua wezi bado wapo, na ulinzi unahitaji pesa. Basi pesa za kutunzia ghala zije huku, walipwe vijana walinde.

Kulinda tunajua. Misitu ya kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, haikubaki hadi leo kwa bahati. UNESCO iliiweka kadhaa kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, lakini wazee wa kaya walikuwa wakiitunza kabla ya hapo kwa miiko: hukati mti, hutoki na hata kijiti. Bibi yangu hutibu kwa mizizi, na juzi nilimfuata akichimba. Alikata mzizi mmoja wa pembeni, akafukia shimo kwa mikono na kulishindilia kwa kisigino. "Mti ukifa, kesho nitamtibu mtu kwa nini?" akaniuliza. Dawa, msitu na makaburi kwake ni shauri moja, na kwenye makumbusho yale vilikuwa vyumba vitatu tofauti.

Jioni babu aliniuliza kuhusu yule niliyemwona huko.

"Alikuwa na vitambaa kiunoni?"

Nikamwambia hapana, alikuwa mtupu.

Alinyamaza muda. Kisha akaingia ndani, akatoka na vipande vitatu vya kitambaa, chekundu, cheupe na cheusi, akanikabidhi. "Huyo si wetu, mjukuu wangu. Wetu walikuwa wafupi. Lakini ana watu wake."

Barua kwa makumbusho ile nimeianza usiku huohuo. Nauliza aliwafikia mwaka gani, kupitia mkono wa nani, na alitolewa kijiji gani. Vitambaa nitavitia ndani ya bahasha.