Nilifomati kadi ya ruracio nikidhani nimeshakopi

Mimi hupiga video za harusi na ruracio, ile sherehe ya mahari ya Wakikuyu, na mwaka jana nusura nirudishe pesa za wenyewe. Jumamosi tulikuwa Murang'a, nikafika kwangu Umoja, Nairobi, saa nne usiku nimechoka vibaya, nikachomeka memori kadi ya GB 64 kwa laptopu, nikaanza kukopi nikalala. Usiku stima zikapotea. Betri ya laptopu yangu ilikufa kitambo hukaa tu kwa chaja, sasa ikazimika katikati na mimi nakoroma, asubuhi nikawasha nikaona folda iko na klipu ziko nikasema basi poa, nikafomati kadi nikakimbia kazi ingine Athi River.

Jioni shangazi ya msichana akapiga: "Mwanangu, hebu nitumie kwanza pale shosho anabariki."

Nikatafuta. Klipu zilikuwa zinaishia kwa stori ya mbuzi wa mahari, ya shosho, yaani nyanya, haikuwa. "Sawa auntie, kesho," nikamjibu huku jasho linanitoka.

Bahati yangu hiyo kadi ilikuwa ya akiba, Athi River sikuirekodia kitu. Jirani yangu fundi wa kompyuta akaniambia usiiguse, kufomati kwa kawaida hufuta tu orodha ya faili, video zenyewe hubaki mpaka urekodi juu yake. Akatumia PhotoRec, programu ya kurudisha faili zilizofutwa, ni ya bure, na zile zinapatikana zikaenda kwa hard disk, si kwa kadi ileile. Majina yote yalikuwa yamepotea, ni herufi f na nambari refu, nikafungua moja moja hadi saa nane usiku. Mbili zilikataa kabisa. Ya shosho ikafunguka, anamtemea msichana mate kiganjani vile shosho zetu hubariki, aki nilikaa chini.

Siku hizi nakopi kwa hard disk mbili, nalinganisha saizi ya folda na ya kadi, halafu nafungua klipu ya mwisho naicheza hadi iishe. Kuona jina la faili si kitu. Disk moja hukaa kwa dadangu Kitengela juu mwizi akiingia kwangu atabeba zote. Mtandaoni napandisha tu video iliyokamilika, bando zangu haziwezi kubeba zile mbichi. Na kadi ikitoka kazini naibandika tepu nyekundu, inaingia kwa kopo la majani chai, haifomatiwi mpaka mteja apokee kazi yake.

Shangazi hajawahi kujua.