Android si huria kama inavyosifiwa

Anayesema Android ni mfumo huria, yaani ambao yeyote anaweza kuusoma na kuubadilisha msimbo wake, anasema nusu ya ukweli. Msimbo wake wa msingi, AOSP (Android Open Source Project), uko wazi, sehemu kubwa chini ya leseni huria ya Apache 2.0, na kiini chake (kernel, sehemu inayoendesha maunzi) ni Linux. Ila huduma za Google Play, ambazo programu nyingi huzitegemea kwa arifa na ramani, zimefungwa. iOS, mfumo wa iPhone, imefungwa zaidi, ingawa Apple huchapisha msimbo wa kiini chake, XNU. Wabishi wengi hulisahau hilo.

Tofauti yenyewe huonekana unapotaka kubadilisha mfumo. Kwenye baadhi ya simu za Android, kama Google Pixel, hifadhi nakala ya data kwanza. Gusa nambari ya muundo mara 7 ndani ya "Kuhusu simu", kisha katika menyu ya wasanidi inayojitokeza washa ruhusa ya kufungua kipakiaji cha mfumo (bootloader, programu inayoanzisha mfumo simu inapowaka), iwashe simu katika hali ya fastboot, ambapo hupokea amri kutoka kompyuta, iunganishe na kompyuta, kisha toa kwenye kompyuta amri `fastboot flashing unlock`. Kila kitu kitafutwa. Ruhusa hiyo ikikataa kuwashwa, mara nyingi mtengenezaji au kampuni ya simu imeizuia. Baadaye programu za benki huweza kugoma, maana ukaguzi wa usalama hugundua kipakiaji kimefunguliwa.

Kwenye iPhone mlango huo haupo. Hata programu uliyojitengenezea kwa akaunti ya bure hukoma kufunguka baada ya siku 7.