Siku nzima na Macintosh moja

Saa moja na nusu asubuhi nafungua kibanda changu cha kutengeneza simu na kompyuta hapa mtaa wa Birere, nafagia. Mji wetu wa Goma umejengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Lava ya Januari 2002 ilipita mtaa huu huu. Vumbi lake jeusi hukwaruza kama msasa: ukilifuta kwa kitambaa kikavu, umeharibu kioo. Lipulizwe kwanza.

Saa mbili hadi saa nne: chaji za simu, na laptop moja iliyomwagikiwa chai. Zimekwisha.

Saa nne akaingia mzee mmoja, nyuma yake kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na boksi. Ndani yake Macintosh Classic, kompyuta ya Apple ile iliyotoka mwaka 1990, imejaa utando wa buibui na mavi ya mende. Mzee tayari anatafuta pa kuchomeka waya.

"Washa kwanza, tuone."

"Hapana, Mzee. Tukiiwasha hivi tunaiua."

"Sasa kusafisha tu, fundi, ndiyo unaniomba dola makumi tatu? Mjukuu wangu atapangusa bure!"

Akavuta kiti. Hakuondoka tena.

Skrubu mbili za kasha lake zimejificha ndani kabisa ya mpini, zinataka bisibisi ndefu yenye ncha ya nyota. Kioo kile cha inchi 9 huweza kubaki na umeme mkali hata baada ya waya kuchomolewa, kwa hiyo niliutoa kwanza, mkono mmoja mgongoni. Halafu nikachomoa bodi, nikamwita mzee aangalie. Kuzunguka kapasita, vile vifaa vidogo vinavyohifadhi umeme, kulikuwa na utelezi unaong'aa kama mafuta ya jana kwenye sahani. Zilikuwa zimevuja. Uchafu huo hupitisha umeme pasipotakiwa na kula njia za shaba. Mashine ngapi zimetupwa kwa sababu hiyo tu! Nilipozigusa kwa chuma cha kulehemu nizitoe, kibanda kilinuka sambaza waliooza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mzee akaziba pua na kunyamaza.

Hakunyamaza sana. Naosha kwa maji vuguvugu, sabuni na mswaki laini, mguu mmoja mmoja wa kila chipu, kisha alkoholi, kisha naanza upya. Shingo inauma, macho yanawaka.

"Utaosha mpaka lini?"

"Mpaka pamba itoke nyeupe, Mzee."

Pamba ya tano ilikuwa bado ya kahawia. Nilipopata nyeupe, umeme ukakatika na feni ya kukaushia ikasimama. Nikapeleka bodi kwa jirani anayekaanga mandazi, nikaishika mbali na babula yake, jiko la makaa, naigeuza na kuigeuza. Sijui ilikuwa saa ngapi. Chakula cha mchana kilikuwa mandazi mawili, nimesimama hivyo hivyo.

Jioni umeme ukarudi. Nikalehemu kapasita mpya, nikafunga, nikawasha. Mlio. Kioo kikang'aa, kikaonyesha alama ya kiulizo: diski yake haisomeki. Lakini Classic ina mfumo mwingine wa kuiendesha, uliofichwa ndani ya chipu. Nikaiwasha upya nimebana vitufe vya Command, Option, X na O kwa pamoja, na menyu ikatokea, nyeusi juu ya nyeupe, safi kabisa.

Mzee aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Na hii njano ya nje?"

"Hiyo iko ndani ya plastiki, Mzee. Inataka dawa na jua la siku kadhaa."

Akahesabu dola 30, akaondoka bila boksi lake.